Nchi ya Moto na Jina la Mungu: Milima ya Volkano, Ziwa Nyasa na Deni la Kanisa

Utangulizi

Mchungaji anayepelekwa Kyela kwa mara ya kwanza huonyeshwa na wenyeji wake mashamba ya mpunga, mikokoa, ziwa, na mawingu ya mvua yanayojikusanya juu ya Milima ya Livingstone. Hakuna anayemwonyesha volkano, maana Kyela ni tambarare. Hata hivyo udongo anaoukanyaga ni majivu ya zamani. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nchi ya milima ya moto, nayo kila masika hubeba udongo mweusi hadi pwani ya Ziwa Nyasa. Kwa hiyo Kyela ni mtoto wa Rungwe. Mtoto hukaa bondeni, lakini chakula chake hutoka kwa mama aliye juu.

Katika miaka hii nchi hiyo imeanza kutafutwa na wageni. Wanapanda kwenda kuliona Ziwa Ngozi, wanasimama juu ya Daraja la Mungu katika mto Kiwira, kisha wanashuka Matema kupumzika ufukweni. Viongozi wa serikali na wafanyabiashara wanaiita nchi hii hazina ya utalii, nao hawakosei. Lakini ni hazina ya nani, na ndani yake mna nini?

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Urithi wa nchi hii ni mawe na maji, na pamoja nayo ni kumbukumbu ya watu waliokaa na mawe na maji hayo. Kanisa limeishi kwa kumbukumbu hiyo kuliko linavyokiri, kwa sababu hata jina tunalomwitia Mungu katika Kinyakyusa linahusiana na pango lililo kando ya ziwa. Kwa sababu hiyo, utalii unapobisha hodi, Kanisa halina ruhusa ya kukaa barazani kama mtazamaji. Kanisa ni mdeni.

1. Jinsi nchi ilivyofanyika

Karibu na Mbeya matawi ya Bonde la Ufa hukutana: moja latoka Rukwa, la pili laelekea Usangu, na la tatu ndilo lililojaa maji ya Ziwa Nyasa, ambalo kina chake hufika takriban meta 700. Mahali ambapo ardhi imepasuka hivyo, moto wa chini ulipata njia. Kwa muda wa zaidi ya miaka milioni 8, volkano zimejenga nchi yote iliyo kati ya Mbeya na tambarare ya Kyela. Wakubwa kati yake ni watatu: Ngozi, Rungwe na Kyejo.

Mlima Rungwe una kimo cha meta 2,961. Wataalamu wamechunguza tabaka za udongo milimani na matope ya chini ya maziwa, nao wamegundua kwamba miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kuifunika nchi kwa mawe mepesi yenye matundu na majivu. Kwa hesabu ya wanafunzi wa Agano la Kale, huo ni wakati unaokaribiana na ule ambao mapokeo huwaweka akina Ibrahimu. Ngozi nao ulijibomoa wenyewe ukaacha shimo kubwa, na ndani yake limo ziwa la kijani lenye urefu wa kilometa 2.5 na kina cha zaidi ya meta 70. Ziwa hilo halina mto unaoingia wala unaotoka.

Kutoka Tukuyu kushuka kuelekea Kyela, kando ya mto Mbaka, yako maziwa mengine madogo ya mviringo: Kisiba, ambalo wengi hulijua kama ziwa la Masoko, na Kingiri, Ikapu, Itamba, Ilamba, Kyungululu na Itende. Mengi ya maziwa hayo yalipatikana pale moto wa chini ulipokutana na maji ya ardhini. Maji yaligeuka mvuke ghafla, ardhi ikapasuka, na shimo likabaki ambalo mvua na chemchemi zililijaza baadaye.

Moto huo haujaisha. Kasimulo, karibu na mpaka wa Malawi, maji ya moto hutoka ardhini hadi leo. Chini ya Kyejo hewa ya kaboni dayoksaidi hububujika kwa wingi hata hukusanywa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji, na mahali inapotuama bondeni huua ndege na wanyama wadogo. Mwezi Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulibomoa nyumba na kuua watu katika wilaya ya Karonga, ng'ambo ya Songwe. Ardhi yetu ingali inatembea.

2. Wazee kama mashahidi

Mlipuko wa mwisho unaojulikana katika nchi hii ulitokea Kyejo takriban mwaka 1800. Lava ilitoka ubavuni mwa mlima ikatiririka kilometa kama 8. Mtu anayepita huko anaweza kuona mawe yake bado hayajafunikwa vizuri na udongo.

Je, tarehe hiyo imepatikanaje? Hakukuwa na mtu wa kuandika. Joseph Thomson, mmoja wa Wazungu wa kwanza kuipita nchi hii na kuandika habari zake, alifika mwaka 1879, na wamisionari walifika mwaka 1891. Tarehe ya Kyejo imetokana na masimulizi ya wenyeji. D. A. Harkin wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika alipochapisha utafiti wake juu ya volkano za Rungwe mwaka 1960, mapokeo ya Wanyakyusa yalikuwa sehemu ya ushahidi, nao waliokuja baada yake wameendelea kuyategemea. Kwa maneno mengine, mwaka unaotajwa leo katika vitabu vya kitaalamu unasimama juu ya vinywa vya wazee waliosikia kwa babu zao kwamba mlima uliwaka.

Jambo hili linatugusa sisi walimu wa theolojia. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba Israeli walilinda habari ya Kutoka kwa kusimuliana kabla ya kuandika. Tunayaheshimu mapokeo hayo, tunayachambua, na kuyajengea mahubiri. Lakini mzee wa kijijini anapoanza kusimulia habari za mlima wake, mara nyingi tunamkatiza tukisema hizo ni hadithi za kipagani. Ikiwa mwanajiolojia ametega sikio, mchungaji ana sababu gani ya kuliziba lake?

3. Kyala wa Ikombe

Sasa tufike kwenye jambo lililo karibu zaidi na madhabahu yetu. Katika miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika habari za desturi zao. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya ibada za jumuiya, Monica Wilson anaeleza habari za mashujaa ambao kwa mapokeo walitoka Ukinga, ng'ambo ya Milima ya Livingstone, wakashuka katika nchi ya ziwa. Lwembe alikaa Lubaga, karibu na Mlima Rungwe, na msitu wake ukawa mahali pa sadaka. Kyungu alivuka kwenda Ungonde, ambako sasa ni Karonga. Naye Kyala alihusishwa na pango lililo kando ya ziwa, karibu na Ikombe, chini ya milima inayotumbukia majini.

Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika nchi hii mwaka 1891, na mwaka huohuo Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer walianza kazi Rungwe. Katika miaka ya 1890 Waberlin walifungua kituo Ikombe pia. Walipotafuta jina la Mungu kwa ajili ya mahubiri, nyimbo na Maandiko, jina lililosimama ni Kyala. Tangu hapo jina hilo limebeba Injili. Wazazi wetu walibatizwa kwa jina hilo, waliomba kwa jina hilo, na kwa jina hilo walizikwa. Leo Mnyakyusa Mlutheri, Mmoravian au Mkatoliki anapomtaja Muumba kwa lugha ya mama yake husema Kyala, na wengi hawajui kamwe kwamba jina hilo lina mahali pake katika nchi.

Je, hili ni jambo la kuona haya? Hatudhani hivyo. Elohimu, jina linalotumika katika sura ya kwanza ya Biblia, halikuwa la Waisraeli peke yao, maana mzizi wake ulitajwa na mataifa jirani kwa miungu yao. Paulo kule Athene (Mdo 17) hakuanza kwa kuibomoa madhabahu, bali aliisoma kwanza. Neno la Mungu huja katika lugha ya watu, na lugha ya watu huwa na milima, mapango na maziwa ndani yake. Maana ya jina Kyala ilipanuka kwa mahubiri, kutoka kwa yule wa pangoni hadi kwa Muumba wa pango na ziwa na mbingu. Upanuzi huo ni kazi ya Injili. Lakini mtu akikua hana sababu ya kukana kijiji alichozaliwa.

Kosa letu ni jingine. Tulilipokea jina, kisha tukafundisha watu kupadharau mahali. Tulichukua mbegu, tukachoma shamba.

4. Ungamo la mchungaji

Mwandishi wa makala haya hasemi haya kama mtu asiye na hatia. Nilipokuwa kijana katika usharika wangu wa kwanza, kulikuwa na msitu mdogo wa matambiko juu ya chemchemi. Nilihubiri juu yake Jumapili tatu mfululizo. Nilitumia habari za Gideoni na kulikata ile Ashera, na nilidhani ninafanya kazi njema. Vijana waliukata msitu ule kwa shangwe, na mbao zake zikawa mabenchi ya kanisa. Miaka michache baadaye akina mama walikuwa wakitembea mbali zaidi kutafuta maji wakati wa kiangazi, maana chemchemi ile ilikuwa imepungua mno.

Sisemi kwamba mizimu ilikasirika, wala kwamba Mungu alitupiga. Mlima wa volkano hunywa mvua kupitia udongo wake mwororo na kuitoa polepole chini, nayo mizizi ya miti huusaidia. Mwiko wa wazee ulilinda jambo hilo bila kulieleza kwa maneno ya sayansi. Mzee mmoja aliniambia baadaye, bila ukali wowote: "Baba Mchungaji, sisi tuliogopa msitu, nao ulitunywesha. Ninyi mliondoa hofu. Je, mliweka nini mahali pake?" Sikuwa na jibu. Kama ningeulizwa tena leo, ningesema kwamba tulipaswa kuweka shukrani mahali pa hofu, lakini tuliacha pengo, na shoka likaingia katika pengo hilo.

5. Hazina iliyo ndani ya Kisiba

Miaka ya karibuni niliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye ziwa la Kisiba. Pale Masoko Wajerumani walikuwa na boma, nayo majeshi yalikaa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wa mahali hapo, walipoulizwa juu ya ziwa, walikuwa na habari moja tu ya kuwasimulia wageni: kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa fedha zao majini. Kila mgeni huondoka na hadithi hiyo, akidhani ameelezwa historia.

Hazina ya kweli iliyomo majini imethibitishwa, nayo ni hai. Mwaka 2015 watafiti, wakiwamo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walichapisha matokeo juu ya samaki wadogo wa Kisiba. Ziwa hilo ni la miaka 50,000 hivi. Samaki wa ukoo mmoja walioingia humo wamekuwa wakigawanyika: wale wa ukingoni, ambao madume yao ni ya manjano, na wale wa kilindini, ambao madume yao ni ya buluu. Mgawanyiko huo umetokea katika muda wa miaka 500 hadi 1,000 tu. Wataalamu wa mbali wanakuja kujifunza hapo jinsi viumbe wanavyoongezeka namna, na kijana anayeishi ukingoni anamwambia mgeni habari za sarafu za mkoloni!

Juu ya Mlima Rungwe pia, mwaka 2003, watafiti walimkuta nyani wa namna isiyojulikana na sayansi, anayeitwa kipunji. Hakuwa mgeni kwa wawindaji wa Kinyakyusa, maana jina lake la kitaalamu limetokana na jina walilomwita wao. Hapa tena, elimu iliyoonekana kuwa mpya ilikuwa imekaa kijijini muda mrefu, ikisubiri mtu wa kuuliza.

6. Utalii: baraka na hatari yake

Kanisa halipaswi kuuogopa utalii. Barabara ya lami imefika Matema, uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kutumika mwaka 2012, na Dayosisi ya Konde yenyewe ina nyumba za wageni ufukweni. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu bila gurudumu, navyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo. Mgeni anayenunua chungu pale kwa mfinyanzi mwenyewe amemlipia mtoto ada ya shule. Hiyo ni baraka iliyo wazi.

Hatari ni kuiuza nchi isiyo na kumbukumbu. Mahali pasipo historia hununuliwa kwa bei rahisi, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema pana thamani gani. Ufukwe unakuwa mchanga tu, ziwa linakuwa maji tu, na mwenyeji anakuwa mbeba mizigo. Tujifunze kaskazini. Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, haukupoteza jina lake wageni walipofika. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua nchi ya Ngorongoro na Lengai kuwa hifadhi ya jiolojia ya kimataifa, na katika hifadhi ya namna hiyo miamba, viumbe na utamaduni wa wenyeji huhesabiwa pamoja. Sisi nasi tuna nchi yenye majina ya namna hiyo: Daraja la Mungu Kiwira, Kitulo inayoitwa Bustani ya Mungu, na pango la Kyala Ikombe. Yupo atakayeeleza majina hayo?

Tena, asiyekumbuka huangamizwa na asichokikumbuka. Nyiragongo ulipofumuka Januari 2002 na tena Mei 2021, lava ilifika katika makazi ya watu wa Goma. Hatusemi kwamba Kyejo utafanya hivyo kesho. Tunasema kwamba wazee walioishika habari ya mlima kuwaka waliwaachia watoto wao onyo, na onyo hilo linakufa pamoja nao.

7. Pingamizi moja na wajibu wetu

Ndugu zetu watauliza: Je, huku si kurudi nyuma? Si imeandikwa kwamba Eliya alipokuwa Horebu (1 Fal 19) Bwana hakuwamo katika tetemeko wala katika moto? Pingamizi hili ni la kweli, nasi tunalikubali. Hatuuabudu mlima. Lakini tukumbuke kwamba Eliya alitembea siku arobaini kwenda kwenye mlima huohuo, kwa sababu watu wa Mungu walikumbuka kilichotendeka pale. Yakobo naye hakuliabudu jiwe la Betheli (Mwa 28), ila alilisimamisha ili asisahau. Luther alifundisha kwamba viumbe ni vinyago ambavyo Mungu hujifichia anapotuhudumia. Anayekiabudu kinyago amepotea. Naye anayekivunja asidhani kwamba kwa hiyo amemwona Mungu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Kwanza, vyuo vyetu viwatume wanafunzi kuandika masimulizi ya wazee juu ya milima, maziwa na misitu, katika lugha ya wazee wenyewe, kabla hawajatuacha. Pili, mwalimu wa kipaimara katika sharika za Konde awafundishe watoto jina Kyala limetoka wapi na Injili imelifanyia nini. Tatu, misitu ya zamani iliyobaki katika ardhi ya sharika itunzwe, na shukrani itolewe hapo kwa ajili ya maji, kwa Kristo aliye Bwana wa maji. Nne, nyumba za wageni za Kanisa ziwe mahali ambapo mgeni anapewa habari ya kweli, naye kijana wa kijijini anafundishwa kuieleza na kulipwa kwa haki. Tano, wachungaji waliopo chini ya milima hii wajue dalili za hatari na kuwafundisha watu, maana kuonya nako ni uchungaji.

Hitimisho

Tuliporudi kutoka Kisiba siku ile, mwanafunzi mmoja kutoka Kyela alikaa kimya garini mpaka tulipokaribia Tukuyu. Ndipo aliposema kwamba bibi yake alikuwa akiomba kila jioni akielekea milima ya Livingstone, naye alidhani ni mazoea tu ya uzee. Alitaka kujua kama bibi alikuwa akiliomba pango au akimwomba Mungu.

Nilimjibu kwamba bibi yake alikuwa Mkristo, na kwamba alimwita Mungu kwa jina ambalo nchi yake ilimpa. Kisha nikamwuliza kama bibi bado yu hai. Alisema yu hai. Nikamwambia, likizo itakapofika, aende na daftari.